Muvi kwenye TV mpya zinaonekana kama tamthilia, na gemu inachelewa. Nirekebishe wapi?

Mleta uzi
Wakuu, naomba msaada. TV ni 4K ya Hz 120. Nikiweka muvi, watu wanatembea kwa wepesi wa ajabu kama taarifa ya habari. Kwenye gemu, nabonyeza kuruka, mhusika anaruka baadaye kidogo. Nyeusi nayo imekuwa kijivu. TV mbovu au setingi?

fremu24
TV nzima mkuu. Muvi nyingi hupigwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, na TV yako inabuni fremu za katikati ili mwendo uwe laini. Ingia menyu ya picha, tafuta sehemu ya mwendo: LG wanaiita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus au Picture Clarity. Zima kabisa. Ukiona Filmmaker Mode, chagua hiyo, inakuzimia yenyewe.

Kioo cha Hz 120, yaani kinachochora picha mara 120 kwa sekunde, kitaonyesha kila fremu ya muvi mara 5, sawasawa. Kwenye kioo cha Hz 60 hesabu haigawanyiki: fremu moja hukaa mara 3, inayofuata mara 2, na kamera ikizunguka polepole picha inakwamakwama.

Kwa maoni yangu fremu nyingi za kweli, si za kubuniwa na TV, zibaki kwenye mpira na gemu. Muvi ya The Hobbit ya 2012 ilipigwa fremu 48, na wengi walilalamika kwamba seti na mavazi vinaonekana vya kuigiza.

kitufe_X
Kuchelewa kwa gemu kuna mzizi huohuo. TV haiwezi kubuni fremu ya katikati kabla haijapokea inayofuata, kwa hiyo na wewe unasubirishwa. Gemu ya fremu 60, kila fremu ni milisekunde 16.7, ya 30 ni 33.3. Kwenye gemu za kupigana, fremu mbili tatu zinatosha kukukosesha kujikinga.

Washa Game Mode (setingi ya TV inayopunguza kuchelewa) ukiwa kwenye mlango wa HDMI wa konsoli, maana TV nyingi huhifadhi setingi kwa kila mlango peke yake. Gemu ikikupa kuchagua ubora wa picha au kasi, chukua kasi. Za hadithi, za kutembea taratibu, 30 inavumilika.

Ukitaka 4K kwa fremu 120, tumia mlango unaoikubali (mara nyingi si yote) na waya wa Ultra High Speed, unaobeba gigabiti 48 kwa sekunde. Waya dhaifu, picha hupotea na kurudi.

Mleta uzi
Nimezima, sasa muvi ni muvi! Kijivu bado, ila kwenye konsoli tu.

fremu24
Hiyo ni RGB range, setingi ya namba zinazowakilisha nyeusi hadi nyeupe. Mfumo wa video huhesabu nyeusi kuwa 16 na nyeupe 235. Wa kompyuta ni 0 hadi 255. Konsoli ikituma 16 wakati TV inasubiri 0, unaona kijivu. Ikiwa kinyume, vitu vya gizani vinazama hata adui humwoni. Weka Auto pande zote mbili. Ikigoma, Limited (ule wa 16 hadi 235) pande zote mbili. Usipunguze mwangaza kuficha kijivu, utapoteza vivuli.

kitufe_X
Ukiwa humo, angalia na kingo. Ramani au idadi ya risasi ikikatwa pembeni, TV inakuza picha: zima overscan kwenye menyu ya ukubwa wa picha.