Baridi ya molekuli inahifadhi nini?

Mwalimu_Ilemela
Habari zenu wadau. Nafundisha fizikia kidato cha tano hapa Mwanza. Juzi niliwaambia wanafunzi kuna maabara zinapoza molekuli mpaka zinabaki na sehemu ndogo sana ya nyuzi moja juu ya sifuri kamili, ile −273.15 ya Selsiasi ambayo ndiyo baridi ya mwisho kabisa. Binti mmoja, ambaye mama yake anauza sangara Mwaloni, akaniuliza: "Mwalimu, barafu inahifadhi samaki. Hiyo baridi inahifadhi nini?" Nilimjibu nusunusu na roho haijatulia. Nina kipindi nao Jumatatu.

Mzee_wa_Nyegezi
Mwalimu, huyo binti mtunze. Inahifadhi muda. Molekuli kwenye joto la kawaida hukimbia mamia ya mita kwa sekunde, hujaipima imeshapita. Ikipoa inatulia, unaitazama kwa muda mrefu, na kipimo kinakuwa makini zaidi.

Wanachokitafuta wanasayansi: je, chaji ya elektroni imeegemea kidogo upande mmoja wa spini yake (ule mzunguko wake wa asili, wenye mwelekeo)? Ikionekana hivyo, basi sheria za maumbile zinabagua kati ya muda kwenda mbele na kurudi nyuma. Huenda hapo tukapata fununu kwa nini ulimwengu umebaki na maada huku antimata, yaani pacha wa maada mwenye chaji kinyume, karibu yote imetoweka.

Mwalimu_Ilemela
Asante sana mzee wangu. Sasa kwa nini wasipime elektroni yenyewe?

Mzee_wa_Nyegezi
Ukiiweka peke yake kwenye uga wa umeme inavutwa inaondoka. Ndani ya molekuli yenye atomu nzito haitoki, na huko inakutana na uga wa mabilioni ya volti kwa sentimita. Hakuna bamba za maabara zinazofika hapo.

Dada_Fizikia
Naongezea, shikamoo mzee. Matokeo makali ya 2023 yalitoka maabara ya JILA, Colorado, Marekani, kwa ayoni (molekuli zenye chaji) za hafniamu floridi zilizonaswa. Walizipima hadi sekunde 3 hivi. Zile hazikupozwa kwa leza mpaka baridi hiyo ya mwisho. London, Imperial College, ndiko wanakopoza molekuli za itebiamu floridi kwa leza. Kuegemea bado hakujaonekana popote.

Mwalimu_Ilemela
Leza inapoza? Wataniuliza tu, wanajua inachoma.

Dada_Fizikia
Mwanga unasukuma, mwalimu. Waambie wafikirie mtumbwi unaorudi Ukerewe ukipigwa na upepo wa mbele: kila chembe ya mwanga inapunguza mwendo kidogo. Kazi ngumu ni kwamba molekuli inatetemeka na kuzunguka, kwa hiyo leza moja haitoshi. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walifanikiwa kuipoza molekuli ya strontiamu floridi kwa njia hiyo mwaka 2010.