Starlet EP91: niweke 4E-FTE ya Glanza au 5E-FE ya Raum?

Kibo91 (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari zenu. Nina Toyota Starlet EP91 Reflet, injini 4E-FE ya cc 1331, gia za mkono. Bodi imenyooka na chini haina kutu, ila injini inakula oili na kompresheni imeshuka. Badala ya ovahoo nataka kubadilisha injini kabisa, nipate na nguvu ya ziada ya kupanda milima na abiria wanne na kupita malori bila kukamua sana. Wengine wananishauri 4E-FTE ya Glanza (Starlet yenye turbo), wengine 5E-FE ya Toyota Raum, isiyo na turbo. Gari ni la kila siku na bajeti si kubwa. Naombeni mwongozo, hasa giaboksi, wayaringi na breki.

Fundi_Pembeni
Mkuu, zote mbili zinaingia kwa sababu ni familia moja ya E. Giaboksi yako inashika kwenye bloku bila kuchonga kitu. Kazi ngumu iko kwenye vitu vinavyoizunguka injini.

Kwa matumizi uliyoyataja, mimi nasema 5E. Kipenyo cha silinda ni milimita 74 kama ya kwako, ila pistoni inatembea milimita 87 badala ya 77.4, ndiyo maana inafika cc 1497. Kwenye karatasi ni farasi 94 dhidi ya 85 zako, na ukiishia kwenye namba hizo utaidharau. Faida yake iko kwenye mizunguko ya chini: kwenye mlima gari linavuta na gia ya tatu pale ambapo 4E ingekulazimisha kurudi ya pili. Halafu Raum EXZ10 zimejaa mjini, kwa hiyo gasketi, pampu ya maji na sensa huzitafuti kwa tochi.

Injini nyingi za Raum zimetoka kwenye otomatiki. Toa sahani ya otomatiki, funga flaiwili ya Starlet yako kwa bolti za flaiwili yenyewe. Bolti za otomatiki ni fupi, zitashika nyuzi chache halafu zilegee. Kabla ya yote weka flaiwili kwenye mkia wa krankshafti uone matundu yanakutana. Hapo hapo badilisha oili sili ya nyuma, klachi pleti na rilizi bearingi, maana ukishafunga giaboksi kuifikia tena ni siku nzima.

Maunting tumia za Starlet: hamisha brakti zako moja moja kwenda kwenye bloku mpya. Taimingi belti nunua ya 5E na uhesabu meno ukilinganisha na ya zamani. Duka likikwambia "ni ile ile ya 4E" usikubali.

Waya_Mwekundu
Niongezee kwenye umeme, maana hapo ndipo miradi mingi inakwama.

Kuna mafundi watakwambia uache kontroboksi (kompyuta ya injini) na nozeli za 4E, gari litawaka. Ni kweli litawaka. Mfumo huu unakisia hewa kwa presha ya ndani ya manifoldi na mizunguko ya injini, na hesabu zake ziliandikwa kwa cc 1331. Ukiupa cc 1497, hewa inaongezeka kwa karibu asilimia 12 na kontroboksi haijui. Ukitembea taratibu oksijeni sensa inarekebisha. Ukikanyaga mpaka mwisho mlimani, sensa haisikilizwi tena, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, mafuta kidogo), injini inagonga na kupata joto. Kwa hiyo chukua injini, kontroboksi, nozeli na wayaringi ya upande wa injini kutoka kwenye gari moja.

Angalia pia mfumo wa moto. Injini ya distributa na ya koili haziingiliani kwenye kontroboksi, usichanganye. Kama kontroboksi ya Raum inaendesha na giaboksi ya otomatiki, itatafuta solenoidi ambazo kwako hazipo na kuwasha taa ya injini. Na ile waya ya swichi ya P/N (Park/Neutral ya otomatiki) ambayo stata inapitia, usipoiunganisha funguo itageuka kimya.

Mwambie muuzaji asikate wayaringi kwa kisu karibu na soketi. Afungue soketi zote, akuachie kipande kirefu mpaka ndani ya dashibodi.

Glanza_V
Naheshimu 5E, lakini tusiipake matope turbo. 4E-FTE ni farasi 135 na toki ya Nm 157 kwenye gari jepesi, na hakuna Raum itakayokupa hiyo. Sharti ni moja: nunua nosikati nzima (kipande chote cha mbele cha gari kilichokatwa) ya Glanza V au ya EP82 GT, Starlet ya turbo iliyoitangulia. Ukinunua injini peke yake, utaanza kusaka kitu kimoja kimoja: kontroboksi, sensa ya presha (ya kwako haisomi presha ya turbo), nozeli, pampu ya mafuta ya tenki, intakula na mabomba yake, rejeta, ekzosi, klachi na flaiwili. Giaboksi ya Glanza ni C56, ya EP82 ni C52. Ukiichukua, chukua na shafti zake, na hesabu splaini (meno ya shafti) za upande wa tairi kabla hujalipa.

Pampu ndogo ya mafuta ndiyo inayoua injini hizi. Turbo ikijaza, mafuta yanapungua, injini inagonga, na kingo za pistoni zinazoshikilia ringi zinavunjika. Hapo utaona moshi wa bluu na oili ikitapika kwenye bomba la kupumulia. Glanza iliwekwa kwa petroli ya premiamu ya Japani, kwa hiyo usiongeze presha ya turbo hata kidogo.

Turbo CT9 shika shafti yake kwa vidole: kucheza kidogo kushoto na kulia kunavumilika, kwenda mbele na nyuma hapana. Chungulia nyufa kwenye nyumba ya upande wa moto. Bomba la kurudisha oili lisibanwe, na usipake silikoni kwenye gasketi yake. Kipande kikimeguka kinaziba njia na oili inapitia kwenye sili.

Breki za Reflet hazitoshi kwa turbo. Weka diski na kalipa za Glanza mbele, pamoja na rimu za inchi 14.

Kibo91
Asanteni sana wakuu. Nosikati iko juu ya uwezo wangu, naenda na 5E. Nikifika kwa muuzaji naipimaje?

Fundi_Pembeni
Fungua kifuniko cha oili kwanza. Rangi ya maziwa ni maji yameingia, masizi mazito meusi ni oili iliyocheleweshwa kumwagwa. Kisha kompresheni: toa plagi zote nne, betri iwe na nguvu, mtu akanyage akselereta mpaka mwisho, piga stata mpaka geji isimame. Tofauti ya silinda na silinda isizidi kilo 1 (kg/cm²) kwenye geji. Yenye kompresheni ndogo tia kijiko cha oili, upime tena. Ikipanda ni ringi, ikibaki pale pale ni valvu au gasketi ya hedi. Andikishianeni na muuzaji siku za kuirudisha.

Mama_Karakana
Mdogo wangu, usisahau kadi ya gari. Namba ya injini na cc vimeandikwa pale. Dai risiti yenye namba ya injini, gari likakaguliwe na trafiki, ndipo uende TRA wabadilishe, na bima uwaarifu. Namba hiyo isafishe na uipige picha kabla injini haijashuka kwenye gari, maana ikishafungwa inasomeka kwa shida.

Waya_Mwekundu
Siku ya kuwasha: jaza oili na kulanti, toa fyuzi ya EFI (mfumo wa mafuta) ili isiwake, piga stata kwa sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime. Rudisha fyuzi, washa. Hita iwe kwenye moto mwisho ili hewa itoke kwenye maji, subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Kama ni ya distributa, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha dayagnosi na weka taimingi nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 500.