Mjadala: Je, Kisumu ikomeshe usajili wa pikipiki na tuktuk za petroli?

Mtoa hoja, Kisumu: Mada ni iwapo tuktuk na pikipiki mpya za petroli zisisajiliwe tena Kisumu, zibaki za betri pekee. Mimi napinga, ingawa siupendi moshi. Anayesimama Kondele jioni anajua kwamba ule moshi mweusi unaokwaruza koo hautoki kwa bodaboda, bali kwa matatu ya dizeli yenye injini iliyochoka. Tukumbuke pia tulikotoka. Kenya iliachana na petroli yenye madini ya risasi kufikia mwaka 2006, na mwaka 2015 ikapunguza salfa ya dizeli hadi sehemu 50 katika milioni. Mara zote mbili mzigo ulitwikwa wenye biashara ya mafuta, na hakuna mwendeshaji aliyelazimishwa kununua chombo kipya. Mbona leo abebeshwe yeye?

Mchangiaji, Nakuru: Ndugu yangu, mfano wa risasi hauna mashiko hapa. Risasi ilitiwa katika petroli ili injini isigonge, na salfa ni uchafu unaoweza kuondolewa kiwandani. Hewa ya ukaa haichujwi, kwa sababu inatokana na petroli yenyewe: lita moja ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa hiyo, uzito unaozidi ule wa mafuta yaliyochomwa, kwa kuwa kaboni hujichukulia oksijeni hewani. (Wanafunzi wangu hubisha jambo hili kila mwaka.) Tena umeme wetu kwa sehemu kubwa hutokana na maji, upepo, jua na mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, hapa kaunti yetu. Kwa hiyo betri haihamishi moshi kutoka barabarani na kuupeleka kwenye mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kama ilivyo kwingineko.

Mchangiaji, steji ya bodaboda ya Kibuye, Kisumu: Wakubwa, shikamooni. Wiki iliyopita nilimbeba abiria kwenda Maseno, mafuta yakaniishia Kisian, nikanunua petroli ya chupa kando ya barabara tukaendelea. Betri ingezima pale, ningeibadilishia wapi? Hata hivyo, mmesahau oili. Kila nikibadilisha oili, fundi huimwaga ile chafu mtaroni nyuma ya banda lake. Mvua ikinyesha, utando wake wa rangi rangi huteremka hadi mto Kisat, na Kisat huishia ziwani. Pikipiki ya betri haina oili ya injini ya kumwaga. Kwa hilo tu ningeinunua, kama bei ingeniruhusu.

Mtoa hoja, Kisumu: Mwalimu, kuhusu kaboni umenishinda, na la oili sikuwa nimelifikiria. Narekebisha msimamo wangu. Tuktuk huzunguka siku nzima baina ya Kondele, mjini na Dunga, nayo hulala mahali pamoja. Hiyo inaweza kuchajiwa usiku, na sioni sababu ya kuendelea kusajili mpya za petroli. Matatu za mjini nazo zina njia moja isiyobadilika, kwa hiyo zifuate. Pikipiki, ambayo haijui asubuhi kama jioni itakuwa Ahero au Maseno, isiguswe mpaka vituo vya kubadilishia betri vifike huko, na mafundi wawekewe mapipa ya oili chafu kuanzia sasa, bila kungoja betri ya mtu yeyote.