Je, mwigo wa kompyuta unatufundisha lolote jipya kuhusu galaksi?

Swali
Ndugu zangu, nimesoma kwamba wanaastronomia hujenga kipande cha ulimwengu ndani ya kompyuta, kisha hulinganisha galaksi zinazotokea humo na zile tunazoziona kwa darubini. Kinachonitatiza ni kwamba baadhi ya vipimo hurekebishwa mpaka matokeo yafanane na anga halisi. Ikiwa jibu limejulikana tangu mwanzo, faida ni ipi?

Jibu la kwanza
Shaka yako ina msingi, ila si kila kitu hurekebishwa. Hali ya mwanzo huchukuliwa kutoka kwenye mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, na kuanzia hapo nguvu ya mvutano huachiwa ifanye kazi yake. Mwigo wa Millennium wa mwaka 2005 ulifuatilia chembe zaidi ya bilioni 10 za maada ya giza (maada isiyoonekana ambayo hutambuliwa kwa mvutano wake), na utando mkubwa wa nyuzi na mafundo ukajitokeza bila mtu kuuchora.

Ugumu upo kwenye gesi. Katika mwigo wa TNG100, punje moja ya gesi ina uzito wa zaidi ya majua milioni moja, hivyo nyota moja haiwezi kuonekana ikizaliwa. Hulazimu kuiandikia kanuni ya makadirio, na hapo ndipo marekebisho huingia.

Jibu la pili
Naongeza kwamba mwigo unaoshindwa hufundisha pia, pengine kuliko unaofaulu. Miigo ya awali ilipoza gesi haraka mno na kuzalisha nyota kupita kiasi, jambo lililoonyesha kwamba kuna kitu kinachoipasha moto gesi hiyo na kuifukuza. Leo tunataja milipuko ya nyota iitwayo supanova na mashimo meusi makubwa.

Tena, kazi hii haikuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 1941 mwanaastronomia Erik Holmberg aliiga galaksi mbili zinazopishana kwa kutumia taa 74, kwa kuwa mwanga, kama mvutano, hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali.

Muulizaji
Nashukuru. Basi nitajuaje kipi ni utabiri na kipi kimerekebishwa?

Jibu la kwanza
Tazama kipimo kilichotumika kurekebishia. Mwigo wa EAGLE wa mwaka 2015 ulilinganishwa kwanza na idadi na ukubwa wa galaksi za sasa. Rangi zao hazikutumika, kwa hiyo zinapokaribiana na zile za angani, huo ni ushahidi wa kweli.