Tuanzie wapi kuendesha baiskeli milimani: Iten au Hell's Gate?

Swali, kutoka Kisumu
Hamjambo ndugu zangu. Sisi ni watu wanne tuliozoea barabara tambarare za huku kandokando ya ziwa, na mwezi ujao tunataka kukaa siku tatu mahali pa milima penye malazi na baiskeli za kukodi. Mwenzetu anang'ang'ania Iten kwa mandhari ya Bonde la Kerio, nami naelekea Hell's Gate. Wawili kati yetu hawajawahi kushuka mteremko mrefu. Naombeni ushauri.

Jibu, kutoka Nakuru
Ndugu, nendeni Hell's Gate. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swara, na barabara ya kutoka lango la Elsa hadi korongoni haina miinuko mikali, ingawa vumbi lake ni jingi. Malazi mtayapata Naivasha, kandokando ya ziwa. Nyati msiwakaribie, na mvua ikitanda msishuke korongoni kabisa, kwani mafuriko ya ghafla yamewahi kuua watalii humo.

Kagueni breki kabla ya kulipa. Mimi niliwahi kukodi baiskeli ambayo mkono wa breki ya mbele uligusa usukani kabla gurudumu halijashikwa, nami nikaligundua hilo nikiwa tayari mteremkoni. Nilijinusuru kwa kuburuta viatu hadi soli zikachanika. Bana kila breki peke yake huku ukiisukuma baiskeli: gurudumu likizunguka, irudishe.

Jibu, kutoka Iten
Nakubaliana na mwenzangu wa Nakuru, ila msiiondoe Iten kwa pupa. Mji uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, nanyi mnatoka kwenye mita 1,130 hivi, kwa hiyo siku ya kwanza mtahema hata kwenye kilima kidogo. Kinachowashinda wageni ni barabara ya kuteremka Kerio: mikono hufa ganzi kwa kubana breki, kisha mwinuko wote huo unawasubiri wakati wa kurudi. Hata hivyo, huku juu tuna barabara za murram zinazopita mashambani, ambazo mgeni anaweza kuzimudu na kugeuza popote anapochoka.

Muulizaji
Asanteni sana. Tutakwenda Hell's Gate, na Iten tutaiendea Desemba, tukibaki huko juu.