Ukiacha kanisa ukabaki na Mungu wako, nani atakuzika?

Mtaa wa Saba
Tujadili bila jazba. Hapa Dodoma wapo walioacha Ukristo na hawajaenda msikitini wala kwa manabii wa maturubai. Wanamwamini Mungu, wanasali chumbani, hawataki jumuiya wala bahasha ya zaka. Katiba, Ibara ya 19, inawaruhusu; imetaja hadi uhuru wa kubadili imani. Sasa mtu huyu akifa Jumanne, Jumatano nani anasimama kaburini?

Katekista Mstaafu
Ukishabatizwa Katoliki umebatizwa. Zamani mtu aliweza kujitoa rasmi na ikahesabika kwenye mambo ya ndoa, Papa Benedikto wa 16 akakiondoa kipengele hicho 2009. Watu wanapeleka barua parokia wanayoishi, wakati kitabu chenye jina kiko parokia walikobatizwa, na hata huko jina halikwanguliwi. Maziko: kanuni ya 1184 ya sheria za Kanisa inamnyima aliyeasi imani waziwazi, labda awe ameonyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Kukiwa na shaka anaulizwa Askofu. Kwa hiyo mtoro wa jumuiya siyo mwasi, ingawa wapo wenyeviti wa jumuiya wanaowapima kwa mizani moja. Halafu tusidanganyane, wanaume wengi wa "imani binafsi" wanatafuta mlango wa mke wa pili.

Zabibu Chungu
Mzee, hiyo ya mke wa pili umeichomoa wapi? Mtu kauliza maziko!

Dereva wa Nkuhungu
Ila kasema kweli 😂 Sheria ya ndoa ya 1973 kama sikosei, ukiacha dini tu unaongeza.

Zabibu Chungu
Ni ya 1971, na hujaisoma. Ndoa ya kanisani haigeuzwi kuwa ya wake wengi maadamu *wote wawili* bado ni Wakristo, kifungu cha 11. Mmoja akitoka kizuizi kinaondoka, sawa. Lakini kugeuza kwenyewe kunataka mume na mke waende pamoja mbele ya hakimu au jaji, kila mmoja atamke kwa hiari yake. Mke akibaki nyumbani anapika, hakuna kilichogeuka.

Mgogo wa Bahi
Mnapigania wake, mnaacha jambo. Wengi wakiacha kanisa wanasema "narudi mila", wanachota kipande wanachokipenda. Mila ya Ugogo haikuwa ya chumbani. Mvua aliibeba mtemi kwa niaba ya nchi nzima, mawe yake ya mvua yakirithiwa. Ng'ombe wakishikwa na ugonjwa, wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika fimbo, wakachunga wao, kisha wakacheza mpaka ule mkosi wa ugonjwa ukatupwa mpakani upande wa magharibi. Mwanamke mmoja akifanya hivyo peke yake ni kichekesho. Ukitaka imani ya mtu mmoja iite hivyo hivyo, usiwabebeshe wazee.

Dereva wa Nkuhungu
Kaka wa Bahi, ng'ombe baadaye. Zabibu, na aliyefunga bomani?

Mama Chang'ombe
Mwanangu, bomani taarifa inatolewa siku 21 kabla, na ndoa hiyo huhesabiwa ya mke mmoja. Ya Kiislamu na ya kimila ndizo zinazochukuliwa tangu mwanzo kuwa za wake wengi.
Nijibu na la maziko maana mmelitupa. Serikali haina shida. Kifo cha nyumbani unaanzia kwa mtendaji, unapata kibali cha kuzika, hati ya kifo inafuatwa RITA, wakala wa usajili. Hakuna anayedai barua ya padre. Kinachoharibika ni ratiba. Bila kiongozi wa ibada, kati ya kula na kwenda kaburini kunakuwa na saa nzima tupu, na saa hiyo kwaya inaijaza bila kuombwa. Shangazi kamwita mwinjilisti usiku, mjane hana nguvu ya kubisha, ukoo ndio umenunua jeneza. Karatasi ya wosia iliyofungiwa kabatini inaonekana baada ya arobaini. Aandike ukurasa mmoja: nani atasoma wasifu, nani ataomba au wakae kimya, azikwe wapi. Nakala ampe mtu wa ukoo na jirani mwenye sauti.

Katekista Mstaafu
"Kamwita usiku." Mama, kwani mwinjilisti ni mwizi? Anaitwa kwa sababu hao wa imani binafsi wakifiwa hawana hata turubai.

Zabibu Chungu
Turubai ni la mtaa, mzee, siyo la parokia! Na wale wa ajali ya treni ya Igandu 2002 ambao hawakutambulika, wamelala makaburi ya Maili Mbili. Nani aliwauliza kadi ya zaka?

Katekista Mstaafu
Hao hawakutambulika, hawakukana. Usichanganye marehemu.

Dereva wa Nkuhungu
Sijamaliza kuuliza. Ndoa ya kimila, mke mkubwa anaweza kuzuia mume asiongeze mwingine?

Mama Chang'ombe
Anaweza kuweka pingamizi kwa msajili: kipato cha mume kitawatesa yeye na watoto, au anayekuja ana tabia mbaya inayojulikana, au ana ugonjwa wa kuambukiza, au ataleta ugomvi mkubwa nyumbani.

Dereva wa Nkuhungu
Ugomvi mkubwa unapimwaje?

Zabibu Chungu
Msajili akusome hapa tu, inatosha.