Miwani ya kulengea shabaha kwa aliyevuka miaka 50: lenzi ipimwe kwa umbali gani?

MlengajiNakuru

Salaam kwenu nyote. Nina umri wa miaka 56 na ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, ambako hutumia bastola yenye vilengeo vya kawaida vya chuma kwa umbali wa mita 25. Miwani yangu ni ya progresivu: sehemu ya juu ina −1.25 kwa macho yote mawili, bila astigimatizimu (mkunjo usio sawa wa jicho), na chini nimeongezewa +2.00 kwa ajili ya kusomea. Nikitazama kwa sehemu ya juu, karatasi ya shabaha naiona vizuri kabisa, lakini kilengeo cha mbele kina ukungu na kingo zake hazionekani sawasawa. Nikiinua kidevu ili nipitishe jicho katikati ya lenzi, kilengeo kinatulia kwa muda mfupi tu, kisha shingo inachoka na kila risasi naipiga kichwa kikiwa mahali tofauti.

Katika duka ninakonunua miwani nimeambiwa kwamba kuna miwani ya kuonea mbali na ya kusomea, basi. Naomba mnieleze nikamwambie nini mpimaji, na kama ni lazima ninunue zile fremu maalumu za walengaji. Nauliza kwa sababu Yusuf Dikeç, mlengaji wa bastola wa Uturuki, alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, akiwa na miaka 51, na tulichokiona usoni mwake ni miwani ya kawaida.

MpimaMachoTanga

Shikamoo mzee. Kazi yangu ni kupima macho, na wateja wa aina yako hunijia mara chache, lakini hesabu yao si ngumu.

Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga, hivyo uwezo wa kuvuta taswira kutoka mbali kuja karibu hupungua, na kwa mtu wa umri wako umebaki kidogo sana. Nguvu ya lenzi inayohitajika kwa umbali fulani hupatikana kwa kugawa 1 kwa umbali huo katika mita. Kitabu hushikwa kwenye sentimita 40, kwa hiyo kinadai dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.50. Kilengeo cha mbele cha bastola iliyoshikwa kwa mikono iliyonyooshwa huwa kwenye sentimita 70 hivi, kwa hiyo kinadai dayopta 1.40 na ushei. Ndiyo maana miwani ya kusomea haifai hapo: inavuta karibu mno, kilengeo hakitulii na shabaha inapotea kabisa.

Wapimaji wengi huanza na namba ya kuonea mbali, kisha huongeza +0.75 kwa bastola au +0.50 kwa bunduki ndefu, ambayo kilengeo chake cha mbele kiko mbali zaidi na jicho. Nyongeza hiyo ni takriban nusu ya kinachodaiwa na kilengeo, na makusudi yake ni kuuweka ukungu katikati, ili kilengeo na shabaha vigawane, na ule uwezo mdogo uliobaki jichoni ukimalizie kilengeo. Kwako itakuwa −1.25 ukijumlisha +0.75, yaani −0.50. Iwe lenzi ya namba moja tupu, isiyo na progresivu wala mstari wa kusomea.

Kabla hujatumia hata shilingi, fanya jaribio moja. Jicho lenye −1.25 lisipovaa kitu huona vizuri kabisa kwenye sentimita 80, ambapo ni jirani kabisa na kilengeo chako. Vaa miwani ya usalama isiyo na namba, ulenge bila kupiga, na uangalie kama kilengeo kimekata kingo, yaani kingo zake zinaonekana wazi bila ukungu. Kama kimekata, tatizo lako ni hili la umbali. Kama bado kina ukungu, fika kliniki upimwe mtoto wa jicho na presha ya macho kabla ya kuzungumzia michezo. Wenye kisukari nao wapimwe wakati sukari imetulia, kwa sababu ikipanda na kushuka namba ya miwani hubadilika pamoja nayo.

BastolaMkongwe

Mzee mwenzangu, ninakubaliana na daktari kwa sehemu kubwa, ila kwenye hilo la kugawana ukungu nina mawazo yangu. Mimi nimekwishavuka miaka 60, na kwa jicho ambalo halivuti tena, nusu kwa nusu maana yake ni kukosa vyote viwili. Mimi huomba kilengeo kikate kwanza, na shabaha iridhike na kitakachobaki.

Sababu ni ya kijiometri. Katika bastola nyingi za kawaida, vilengeo viwili vimetengana kwa sentimita 16 hivi. Kilengeo cha mbele kikikaa pembeni kwa milimita 1 ndani ya ufa wa kile cha nyuma, kwa mita 25 risasi inahama kwa zaidi ya sentimita 15. Lakini vilengeo vikiwa vimepangwa sawa, nawe ukaelekeza bastola nzima sentimita 2 kando ya katikati kwa sababu shabaha ina ukungu, risasi inakosa kwa sentimita 2 zile zile. Duara jeusi la shabaha ya mita 25 lina kipenyo cha sentimita 20. Hata likionekana kama doa la wino lililolowa maji, jicho hulipata kitovu chake bila taabu.

Kwa hiyo jaribu +0.75, lakini usiondoke pale kabla ya kujaribu +1.00 na +1.25 pia. Mwombe mpimaji akuvalishe fremu ya majaribio na abadilishe lenzi huku ukiwa umesimama na kunyoosha mikono kama unavyosimama uwanjani. Bastola ibaki mahali pake salama, isiletwe kliniki kwa sababu yoyote ile. Mwenzako klabuni akupimie kwa utepe kutoka pembe ya jicho hadi kilengeo cha mbele, silaha ikiwa tupu na imekaguliwa, kisha ukate kijiti cha urefu huo. Kijiti hicho, kikiwa na kipande cha karatasi nyeusi kwenye ncha, ndicho utakachokwenda nacho kwa mpimaji.

UpepoMita10

Kuhusu fremu maalumu, zile za kampuni za Knobloch ya Ujerumani na Champion ya Uswisi hubeba lenzi moja ya duara mbele ya jicho la kulengea, na faida yake kubwa ni kwamba lenzi hiyo husogezwa na kugeuzwa mpaka mstari wa macho upite katikati yake. Anayesimama ubavu na kupiga kwa mkono mmoja hutazama kupitia pembeni mwa lenzi ya kawaida, na huko taswira huharibika. Anayeshika kwa mikono miwili huku uso umeelekea mbele hana haja hiyo. Atengenezewe fremu ya kawaida yenye lenzi za polikaboneti (plastiki ngumu isiyovunjika upesi), maana kioo kikivunjika karibu na jicho ni balaa.

Dikeç hakuvaa lenzi ile ya duara wala kizibo cha jicho, na hulenga macho yote mawili yakiwa wazi. Lakini miwani kuonekana ya kawaida hakutuambii namba iliyomo ndani yake.

Jihadhari pia na lenzi nyeusi. Mwanga ukipungua, mboni hupanuka, na mboni iliyopanuka hupunguza kina cha uoni, yaani masafa ambayo vitu vya karibu na mbali huonekana vizuri kwa pamoja, ndiyo maana wengi huona vilengeo vizuri juani kuliko ndani ya ukumbi wenye giza.

MlengajiNakuru

Marahaba daktari, na nawashukuru wote. Nimefanya lile jaribio la miwani isiyo na namba: kilengeo kinakata kingo vizuri, ila shabaha imekuwa kivuli cha kijivu. Swali langu la mwisho ni kama jicho la kushoto, lisilolenga, nalo liwekewe namba hiyo hiyo.

MpimaMachoTanga

Si lazima. Wengi huliachia namba ya kuonea mbali, kwako −1.25, ili wauone uwanja na watu waliopo. Macho mengine huvumilia tofauti hiyo na mengine huleta kizunguzungu, kwa hiyo lijaribu katika fremu ile ile ya majaribio. Usiendeshe gari nayo kurudi nyumbani, kwa kuwa jicho lako la kulia litakuwa limewekewa kilengeo, na barabara haitaonekana sawasawa. Ukiamua kuliziba hilo la kushoto, kanuni za kimataifa zinaruhusu kizibo cha mbele kisichozidi upana wa milimita 30, na cha rangi nyeupe inayopitisha mwanga ni bora kuliko cheusi, kwa sababu jicho moja likiwa gizani mboni za yote mawili hupanuka.